Madoa ya Zambarau Baada ya Moyo Kushonwa

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa maabara ya hospitali, hapa Kindu, alinipa karatasi nyeupe niitundike. Niliishika kwa vidole. Alipoinyunyizia dawa iitwayo ninhidrini na kuipasha moto, alama za vidole vyangu zilitokea kwa rangi ya zambarau. Akaniambia kwa upole kwamba hata jasho lina amino asidi, vile vipande vidogo ambavyo mwili huviunganisha kujenga nyama yake, na dawa ile huvionyesha. Tangu hapo nikashika karatasi kwa koleo.

Zama zile za Zaire tuliitana sitwayeni, yaani raia, kwa amri ya serikali, lakini mkuu huyo tulimwita Mukubwa, na hakuna aliyetulazimisha.

Mwaka wangu wa tatu aliletwa mhunzi wa mtaa wa Kasuku, Ramazani. Kipande cha chuma kiliruka kutoka kwenye jembe alilokuwa akifua, kikamwingia kifuani. Daktari mpasuaji alikifungua kifua, akakuta moyo unavuja. Hatukuwa na mashine ya kuusimamisha. Aliushona huku unapiga.

Siku ya sita kidonda kilikuwa bado wazi, na Ramazani alizidi kukonda. Daktari akaja kutuuliza kama tunaweza kulinganisha amino asidi za damu yake. Ninhidrini ilibaki kidogo sana, na nilimkumbusha Mukubwa kwamba hatujui nyingine itafika lini.

“Muntu ameshonwa moyo,” akanijibu, “halafu tumuache akufe juu ya kuchunga chupa ya dawa?”

Damu ya siku aliyoletwa ilikuwa bado kwenye friji. Tuliweka tone lake na tone jipya kwenye karatasi moja, tukaacha maji ya dawa yapande hadi kesho yake. Tulipoinyunyizia ninhidrini, madoa ya damu ya kwanza yalikolea. Ya damu mpya yalikuwa hafifu, mengine hayaonekani.

Daktari alitueleza kwamba baada ya upasuaji mkubwa mwili huvuta amino asidi kutoka kwenye damu ili kuponya jeraha. Kisha akaenda kumuuliza mke wa Ramazani mumewe anakula nini. Mama yule alisema ni uji mwepesi wa muhogo tu, kwani majirani walimwonya kwamba chakula kizito kitauchosha moyo. Daktari hakumkemea. Aliketi kando yake.

“Mama, moyo iko nguvu. Ni nyama ya mwili njo inakosa chakula. Umupe samaki, umupe mayayi.”

Siku hiyohiyo mama alishuka ukingoni mwa Lualaba kutafuta samaki.

Baada ya majuma mawili tulimaliza ile dawa kwa tone la tatu la damu ya Ramazani. Madoa yalirudi, yamekolea, na kidonda kilikuwa kimefunga. Mukubwa aliishika karatasi dirishani, akayahesabu madoa moja moja.

Sasa nimestaafu. Nilifanya kazi chini ya wakuu wengi, wengine wenye vyombo bora kuliko vyetu, ila sikumwona mwingine kama Mukubwa aliyejua chupa ya dawa ni ya nini. Nikisikia mtu wa mtaani kwetu amepasuliwa, ninapika samaki, ninampelekea, na ninakaa mpaka amalize kula.