Ukuta wa Hoteli Kule Katuba

Kazi ya baba ilikuwa kugeuza ukuta. Hoteli aliyofanyia kazi mjini haikuwa na mashine hata moja ya kupoza hewa. Walioijenga waliizungushia mbao ndefu za mti wa mulombwa, zikasimama wima kwenye pini za chuma, na ukivuta mkono wa chuma uliokuwa pembeni zinageuka zote pamoja. Oktoba, joto likizidi, baba alizifunga upande wa jua. Juni, baridi ikiuma, alizifungua mapema ili wageni waamke vyumba vimeshapata joto. Sisi wanawe tulisimuliwa tu, maana geti lile hatukuwahi kulipita.

Mama alimtania kila mwaka baridi ilipoanza.

"Unapelekea bageni jua, na mu nyumba yako shiye tunatetemeka."

Baba alicheka, akapanda baiskeli, akaenda zake.

Kisha zikaja siku za pilaje. Askari walianza kuvunja maduka, raia wakamalizia. Mwenye hoteli alikimbilia Zambia, akamwachia baba neno moja: atarudi, amtunzie hoteli yake. Magodoro yakabebwa, mabomba yakang'olewa, na zile mbao zikaanza kuishia majikoni kwa watu. Baba akazichomoa zilizobaki, akazifunga kwenye baiskeli pamoja na pini zake na ule mkono wa chuma, akazileta kwetu Katuba safari baada ya safari. Alizipanga chumbani kwetu wasichana, nasi tukatandika mikeka juu yake. Mgongo wangu unazikumbuka mpaka leo.

"Siku moja nitapikia bukari na hii mbao," mama alisema kila akisonga ugali.

"Ni ya patron. Atarudia," baba alijibu.

Mwenye hoteli hakurudi. Baba akaanza kukohoa, hospitali ikabaki na vitanda bila dawa, na Juni ikamchukua. Nasema wazi: niliuchukia ule mji, na zile mbao nilizichukia zaidi.

Kwetu moto wa kilio huwashwa mbele ya nyumba, na hauzimwi mpaka matanga yaishe. Kuni zetu zilikwisha hata kabla hatujazika. Baba mdogo, aliyefika kutoka Mitwaba, akaingia chumbani akatoka na ubao begani. Mama, yule aliyetishia kuzichoma siku zote, akamzuia mlangoni.

"Yaya, bantu beko inje na baridi," baba mdogo akamwambia, akimwita dada mkubwa.

"Ile hapana. Twaa mulango."

Baba mdogo alidhani majonzi yamempanda mama kichwani. Mama akarudia kwa sauti ileile. Basi mlango wa nyumba yetu ukang'olewa, ukapasuliwa, na waliokuja kumlilia baba wakauota.

Matanga yalipoisha nyumba ilikuwa wazi kama banda. Mama akamwomba baba mdogo aunde mlango mwingine kwa zile mbao, kila moja ikae kwenye pini yake na igeuke, kama zilivyokuwa hotelini. Nilikasirika. Unga hatuna, ukuta wa hoteli tunao.

Asubuhi ya kwanza ya mlango ule baridi ilikuwa kali. Mama akavuta mkono wa chuma. Mbao zikageuka, jua likaingia mpaka ukuta wa nyuma, ambako mlango wa zamani, uliofungwa asubuhi zote za baridi, haukuliachia lifike tangu nizaliwe. Akaketi sakafuni pale lilipoangukia, na machozi aliyoyazuia kilio kizima yakamtoka. Nikaketi karibu naye.

"Kumbe ni hivi alikuwa anafanyiaka bageni," akasema. "Shiye hakutufanyia."