Sifuri ya Mzee Mutiso

Mpaka leo nikisikia harufu ya dawa ya maji, mwanangu, nakumbuka siku moja hapa Kitengela, nilipokuwa kijana kama wewe, tena mwoga kuliko wewe.

Nilikuwa nimeajiriwa kuandika programu zinazoendesha visima. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Mutiso, aliyetufundisha kazi sisi sote. Asubuhi hiyo alibadilisha programu inayopima dawa ya kuua viini kwenye tangi la mtaa mmoja, akaniambia nilinganishe toleo la jana na la leo kabla jipya halijaanza kazi. Nikayafungua kwenye kompyuta, mistari ya zamani kwa rangi nyekundu, mipya kwa kijani. Katika mstari mmoja kipimo cha dawa kilikuwa kimeongezwa sifuri mwishoni, yaani dawa mara kumi.

Niliuona, mwanangu. Lakini nimelelewa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa nani hata nimkosoe mzee? Nikaidhinisha.

Saa nane mchana dada yangu Mwende, aliyeishi mtaa huo huo, akanipigia. Alikuwa amemwogesha mtoto, na sasa mtoto analia, macho hayafunguki. Nikamkimbilia mzee, nikamweleza.

"Funga maji kwanza!" akasema. "Na umwambie amwoshe macho na maji ya chupa, ampeleke hosi kwa daktari saa hii."

Tangi lilipofungwa, akafungua yale matoleo mawili, akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari hadi kwenye ile sifuri.

"Hii laini ya sifuri uliiona?"

"Niliiona, mzee."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuogopa."

Akavua miwani, akanitazama. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa macho yale.

"Mimi niko na macho ya uzee," akasema. "Ndio maana nilikupea wewe usome. Hiyo heshima yako ingetuzikisha watoto."

Macho ya mtoto yalipona, Mungu ni mwema. Hofu yangu haijapona, wala sitaki ipone yote.

Basi, mwanangu, ukipewa mabadiliko usiangalie jina la aliyeandika, soma mistari. Kuuliza si ujinga. Ukiogopa, uliza hivyo hivyo ukitetemeka. Mungu akupe macho makali na mdomo usioganda, na wanaokunywa maji unayoyalinda wasijue hata kwamba upo.

Haya. Kazi niliyokutumia leo nimeiandika mimi, na miwani nilikuwa nimeisahau nyumbani. Isome kuanzia juu.