Konokono na Nishani Arobaini

Mtaani walimwita Mama Miwani, na jina lilimkaa vizuri. Miaka ishirini na sita alikuwa nyuma ya mashine ya kusaga lenzi, katika duka lenye mapokezi mbele, karakana katikati na, nyuma kabisa, chumba cha giza cha kupimia macho. Alijua nani haoni mbali, nani haoni karibu, na nani anaona vizuri tu ila anataka miwani ili aonekane msomi. Hao wa mwisho aliwawekea vioo vitupu na kuwatunzia siri.

Alikuwa mwoga na hakuona haya kulisema. Aliogopa lifti, aliogopa mbwa hata akiwa amefungwa, na hakuwahi kupita njia asiyojua itamtokezea wapi. Mumewe alipokuwa hai walilicheka jambo hilo pamoja. Alipofariki, kicheko kilikwisha, woga ukabaki.

Bintiye, aliyefanya kazi mji mwingine, ndiye aliyemletea ule mchezo wa video. "Huu hauna maadui, mama," alimwambia huku akichomeka waya nyuma ya runinga. "Hakuna atakayekukimbiza. Unatembea tu."

Ulikuwa mchezo wa nchi ya milima iliyohamwa na watu wake. Mchezaji anapewa fimbo, kalamu na karatasi tupu. Hakuna ramani ila atakayoichora mwenyewe. Hakuna pointi, hakuna saa. Siku ya kwanza Mama Miwani alisimama mahali pamoja jioni nzima, akiogopa kuteremka bondeni. Wiki ya pili akateremka. Mwezi wa tatu alipanda kilima akakuta nyumba yenye meza iliyoandaliwa watu watano, vikombe vimejaa vumbi, viti vimesogezwa kana kwamba wenyewe wametoka kuchungulia kitu nje. Aliitazama meza ile hadi chai yake mwenyewe, ya kweli, ikapoa.

Akajiunga na kundi la mashabiki mtandaoni. Kwa kuwa alitembea polepole na kuchungulia kila kona, alijiita Konokono. Watu walipenda ramani zake, alizochora kwa mkono nyuma ya bahasha za lenzi na kuzipiga picha. Wengi walidhani Konokono ni kijana wa chuo mwenye muda wa kuchezea. Mjane wa miaka hamsini na minne akawaacha wadhani hivyo.

Ubishi ulizuka siku watengenezaji walipotangaza kwamba toleo lijalo litakuwa na nishani arobaini. Ukifungua milango mia mbili, unapewa nishani. Ukifika kileleni kabla jua halijazama, nishani nyingine. Zote za hiari.

"Asiyezitaka azizime," aliandika mtu aliyejiita Mkuki, mmoja wa wakongwe wa kundi, ambaye alikuwa akiziomba nishani hizo tangu mwaka wa kwanza. "Hakuna atakayewasimamia na fimbo. Hiari ni hiari."

Kwa kawaida Konokono alisoma tu na kupita. Siku hiyo vidole vilimwasha.

"Ukishaniambia milango ni mia mbili, umeshanihesabia nyumba zote," aliandika. "Nishani naweza kuizima. Ile idadi nitaizimaje kichwani? Jana niliingia kwenye nyumba kwa sababu nilitaka kujua nani aliishi humo. Kesho nitaingia kwa sababu ni ya mia na kumi na tatu. Mnaniambia niko huru kutotazama, na kitu chenyewe mmeshakiweka mbele ya macho yangu."

Aliandika, akaenda kufua. Aliporudi, watu mia tisa walikuwa wameyasambaza maneno yake. Baada ya siku nne watengenezaji wakatangaza kwamba wameahirisha nishani ili watafakari maoni ya wachezaji, na katika tangazo lao wakanukuu sentensi mbili za Konokono, herufi kwa herufi.

Hapo ndipo alipokiona cha moto.

Mwanzoni yalikuwa matusi ya kawaida, ya watu walionyimwa kitu walichokisubiri. Kisha mmoja akaandika, "Konokono hutiwa chumvi." Wenzake wakaona ni mzaha mzuri. Kufika Jumatano, kila akifungua simu alikuta picha za chumvi: kwenye kijiko, kwenye gunia, kwenye kiganja cha mtu asiyemjua. Bintiye alimwambia kwa simu asijali, watoto wale hawana kazi. Mama Miwani akacheka ili kumridhisha, lakini alipokata simu akaigeuza kifudifudi mezani.

Alhamisi alasiri, akiwa karakanani, simu ikalia. Mkuki alikuwa ametuma picha kundini, na chini yake maneno manne tu: "Nyumba ya konokono hii."

Ilikuwa picha ya mlango wa duka lake.

Aliiweka simu juu ya meza taratibu, kama mtu anayeweka yai. Mashine ilikuwa bado inazunguka na lenzi ya mteja ndani yake, na alipokuja kuikumbuka ilikuwa imesagika hadi ikabaki kama kucha.

Siku zilizofuata alipata kujua jinsi kazi yake ilivyo mbaya kwa mtu mwenye hofu. Kupima macho hakufanyiki kwa mbali. Unaingia na mtu chumba cha giza, unafunga mlango, unamsogelea hadi pumzi yake inakugusa shavuni, unammulika mbonini. Miaka yote hiyo hakuwahi kulifikiria. Sasa kila aliyeketi kwenye kile kiti alikuwa Mkuki. Mzee wa kikohozi alikuwa yeye. Kijana mwenye kofia, aliyemtazama kidogo zaidi ya kawaida, alikuwa yeye hasa. Alimpima haraka haraka na kumwandikia namba za ovyo, ikabidi amwite tena kesho yake ampime upya.

"Mama, unaumwa?" aliuliza dada wa mapokezi, binti mchapakazi aliyekuwa naye mwaka wa nne.

"Sukari tu imeshuka."

"Tangu lini una sukari?"

Mama Miwani alianza kutoka kazini kwa mlango wa uani, akizunguka mitaa miwili kabla ya kwenda kwake. Nyumbani alisukuma kabati nyuma ya mlango. Mchezo hakuugusa. Alipojaribu mara moja, alisimama kwenye lile bonde analolijua kama kiganja chake na kuhisi mtu amejificha nyuma ya kila jiwe, katika mchezo usio na mtu.

Jumamosi ya wiki iliyofuata alijikaza kisabuni akaenda kituo cha polisi. Afisa alimsikiliza vizuri, na hata kiti alimpa.

"Amesema atakufanya nini?"

"Hajasema. Ametuma picha ya mlango."

"Mlango wa duka uko barabarani, mama. Kila apitaye anauona."

"Lakini yeye anajua mimi ni nani."

"Na wewe unamjua yeye?"

Hakumjua. Afisa akafunga daftari kwa upole, na upole ule ulimkatisha tamaa zaidi kuliko kama angefokewa.

Jumapili mchana, mapazia yakiwa yamefungwa, aliitoa tena ile picha. Hakuwa ameitazama tangu Alhamisi ile ilipotumwa. Safari hii aliitazama kwa macho ya kazi. Aliikuza kidogo kidogo, akapita kibao, akapita komeo, akafika kwenye kioo cha dirisha. Ndani ya kioo mlikuwa na kivuli cha mtu aliyeinua simu. Simu ilificha mdomo na pua. Juu yake palikuwa na miwani.

Fremu nyeusi. Lenzi nene za mtu asiyeona mbali kabisa, zile zinazoufanya uso uonekane kama umekatika pembeni. Na mkono mmoja wa miwani ulikuwa wa kahawia. Alifikiri kwanza ni wa kulia, kisha akajirekebisha: kwenye kioo, kushoto hubaki kushoto. Mkono wa kahawia, upande wa kushoto, kwenye fremu nyeusi. Aliufunga yeye mwenyewe mwezi wa pili, kwa kuwa mweusi hakuwa nao, na mteja akasema si kitu, mradi aone.

Alikuwa Mwalimu. Mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye kushukuru mara mbili mbili, aliyewahi kufundisha jiografia kabla hajaugua. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha chumba cha giza mara tatu mwaka ule.

Mtu angedhani kujua kungempunguzia hofu. Haikuwa hivyo. Mkuki asiye na uso alikuwa kila mahali. Mwalimu alikuwa amekwishaingia ndani, mlango umefungwa, pumzi zao zimechanganyika. Alikaa kwenye sakafu ya jikoni, mgongo ukutani, hadi miguu ikafa ganzi.

"Usithubutu kumwita," bintiye alisema kwenye simu. "Rudi polisi na hilo jina."

"Nikirudi watamwita, watamuonya, watamwachia. Halafu atajua najua. Heri alijue hilo mbele ya watu."

"Mama, wewe unaogopa hata lifti."

"Naogopa na hili. Ila hili linakuja kwangu kila siku, mwanangu. Lifti haijawahi kunifuata nyumbani."

Jumatatu alimpigia kwa namba iliyokuwa kwenye faili la wateja na kumwambia miwani yake inahitaji kukazwa. Alimweleza dada wa mapokezi kila kitu, akamwomba akae karibu na simu na asiondoke hata kwa dakika. Hakumpeleka Mwalimu kwenye chumba cha giza. Alimkalisha mapokezi, dirishani, mlango wa barabarani ukiwa wazi.

Mwalimu akavua miwani na kumkabidhi. Bila lenzi zile alikuwa kipofu mbele yake, akipepesa macho kama mtu aliyeamshwa.

Mama Miwani akakaza skrubu isiyolegea.

"Nishani ngapi ulikuwa unazitaka, Mkuki?" akauliza.

Mwalimu hakukana. Uso ulimshuka. Alinyoosha mkono kutafuta miwani, lakini fundi hakumpa.

"Ulinijuaje?" Mama Miwani akauliza tena.

"Bahasha," alisema kwa sauti ndogo. "Kwenye ramani yako moja, muhuri wa duka ulipenya upande wa pili. Nina bahasha kama ile nyumbani."

"Na picha ya mlango wangu ulitaka ifanye nini?"

"Nilitaka uogope kidogo. Uache kuandika." Akafikicha macho. "Mama, niliwahi kukueleza kwamba nilipasuka mshipa kichwani. Sikukueleza kilichobaki. Nikipita mahali leo, kesho sijui kama nilipita. Katika ule mchezo nimeteremka bonde lile lile miezi miwili nikidhani ni jipya. Ramani siwezi kuchora, nikichora siielewi. Nishani ingeniambia, hapa umefika. Nyumba hii umeifungua. Wewe ukasema zinaharibu, na watu wote wakashangilia."

Mama Miwani alihisi kitu kikimlegea kifuani, na papo hapo akakasirika kwamba kimelegea. Hakuwahi kufikiri hata mara moja kwamba kuna mtu ambaye kwake nishani ni kumbukumbu.

"Hilo ungeliandika," alisema. "Ningelisoma. Ningekujibu kwa heshima."

"Niliona aibu."

"Pole kwa ugonjwa, Mwalimu. Lakini ugonjwa haukupiga ile picha. Wiki nzima nalala na kabati mlangoni."

Dada wa mapokezi, aliyekuwa ameshika simu muda wote, akaiweka chini. Mwalimu alikuwa analia bila sauti, machozi yakimshuka kwenye uso usio na miwani. Mama Miwani akazifuta zile lenzi kwa kitambaa, kwa mazoea, akamrudishia.

Jioni ile ile Mwalimu aliifuta picha na kuandika kundini kwamba alikosea, kwamba alimtisha mtu asiyemkosea, na kwa nini alizitaka nishani. Aliandika vizuri, kama mwalimu. Kufika kesho asubuhi kundi lilikuwa limemgeukia. Wale wale wa chumvi sasa waliuliza Mkuki anaishi wapi, na mmoja alidai ameshaanza kutafuta.

Mama Miwani aliyasoma akiwa amesimama karakanani, baridi ikimpanda mgongoni upya, safari hii si kwa ajili yake. Alikuwa ameapa kutoandika tena. Akaandika: "Mwacheni. Tumeshamalizana. Na hoja yake ni nzito kuliko yangu, ila alichelewa kuisema." Baadhi walinyamaza. Baadhi walisema Konokono amenunuliwa.

Nishani zilitoka miezi mitano baadaye, zote arobaini, karibu kama zilivyotangazwa. Watengenezaji waliongeza daftari linalomwonyesha mchezaji alikopita bila kumtajia kimebaki nini. Hakuna aliyejua walilitoa kwenye hoja ya nani. Mwalimu alihamishia miwani yake kwa fundi mwingine. Mama Miwani hakumlaumu, na ukweli ni kwamba alishukuru. Alimhurumia, lakini hakutaka kukaa naye gizani.

Picha ya mlango ilikuwa imefutwa mahali pamoja tu. Nakala zake zilikuwa kwenye simu asizozijua, na hilo halikuwa na wa kumwita wala wa kumkalisha dirishani. Kabati alilirudisha mahali pake baada ya mwezi. Njia ya uani aliiacha baada ya miezi miwili. Mchezo aliurudia, nusu saa leo, saa moja kesho.

Halafu siku moja, mchana wa jua kali, aliingia mwanamke mgeni mwenye mkoba mkubwa. Alitazama kibao, akatazama kioo cha dirisha, akatazama simu yake, kisha akamtazama fundi.

"Samahani mama, eti wewe ndiye Konokono?"

Dada wa mapokezi akaacha kuandika. Uso wa yule mgeni ulikuwa wa kawaida kabisa, haukusema heri wala shari.

"Mimi ni fundi miwani," alijibu. "Unasumbuliwa na kuona mbali au karibu?"

"Karibu," mwanamke alisema baada ya kusita.

"Basi karibu ndani," alisema Mama Miwani, akatangulia kuelekea chumba cha giza, na mlango akauacha wazi.