Nilimwombea Mdogo Wangu kwa Sauti

Mimi ndiye niliyemponza mdogo wangu. Tena nikiwa nimepiga magoti!

Wazazi walipokufa niliacha shule darasa la sita nikamlea. Tunaishi Merikit, upande wa Tororo. Alipokua akawa mtetezi wa wajane wanaonyang'anywa mashamba. Alipompeleka tajiri mmoja kortini, vitisho vikaanza: mara simu, mara mawe juu ya mabati.

Kuna mtandao wa watu wa nchi zetu hizi jirani wanaowaficha watetezi kama yeye. Walimvusha mpaka, wakampa chumba Busia ya Kenya. Mwanamke mmoja wa mtandao aliniambia, "Mama, usimwambie mtu. Hata mchungaji." Nikaapa.

Alhamisi nikaenda kwenye maombi. Moyo ulikuwa umejaa, jamani! Nikasimama: "Niombeeni mdogo wangu. Anawindwa."

Jirani yangu akadakia, "Dada, maombi lazima yalenge! Tukiomba juu juu yatapotelea hewani. Yuko wapi?"

Watu wakacheka. Nami nikalenga. "Busia ya Kenya, nyuma ya mashine ya kusaga unga, karibu na yadi ya malori." Tulipopiga magoti nikataja tena, kwa sauti, ili Mungu asikie vizuri. Lo, ujinga wangu!

Jumamosi mdogo wangu akanipigia, anahema. "Dada, kuna wanaume mlangoni wananiita kwa jina. Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Tuliomba tu."

"Mliomba mkitaja nilipo?"

Nikasikia mlango ukipigwa teke, simu ikakatika.

Sikula, sikulala, hadi yule mwanamke wa mtandao aliponipigia. Mdogo wangu aliruka dirishani akavunjika mguu, mwenye mashine akamficha kati ya magunia. Wamemhamishia nchi nyingine.

"Nchi gani?"

"Hiyo hutaambiwa, mama."

Sikubisha. Nilimbeba mgongoni mtoto yule, na leo sistahili kujua analala wapi!

Nani aliyepeleka neno, sijui hadi sasa. Juzi jirani akaniuliza tena, "Tumwombee wapi safari hii?" Nikamjibu, "Mwombeeni tu." Akanuna. Na anune!

Ninyi ambao mtu wenu amefichwa, nawasihi: ukiambiwa nyamaza, nyamaza hata kanisani. Ombeni sana, lakini kimoyomoyo. Mungu hahitaji kuelekezwa nyumba. Anayehitaji kuelekezwa ni yule anayekuja kuvunja mlango.