Clarice Akageuzwa Atazame Ukuta

Clarice Entwistle hakuwa na mume, mtoto wala paka. Alikuwa na nyumba ya marehemu mama yake iliyopakana na yangu ukuta kwa ukuta, na ulimi ambao hata mimi niliuheshimu. Kulala nje ya mtaa wetu alikujua kwa wiki moja tu kila mwaka, pale mji mzima unapofunga kazi na kwenda Blackpool kuloweka miguu baharini.

Tangu utotoni tulikuwa wafumaji, mimi na yeye. Vita vilipokuja, kiwanda cha nguo kikafungwa, tukahamishiwa cha makombora, kwenye mashine za kubana chuma. Huko ndiko bomba la hewa lilikopasuka karibu na kichwa chake, likamwangusha kama gunia. Alishonwa juu ya sikio, akalazwa, kisha akarudishwa nyumbani akapumzike.

Ukiumia, huwezi kurudi kazini kwa kujisikia nafuu tu. Namba yako ya shaba, ile ya kuingilia kazini, hubaki getini mpaka daktari wa kiwanda aandike kwamba unafaa. Aliyeumia kichwa alipimwa macho, kusimama bila kuyumba na masikio, na masikio ndiyo hasa, maana juu ya vichwa vyetu winchi ilipitisha vyuma mchana kutwa, na onyo lake lilikuwa kengele. Daktari angeweza kumpa mtu kazi nyepesi, lakini nafasi hizo zilikwishajaa majeruhi waliomtangulia. Asiyefaa alikabidhiwa ofisi ya ajira, impangie kazi kwingine. Sisi wenye familia hawakutugusa. Mwanamke asiye na mtu kama Clarice walimpeleka popote, hata mwisho wa nchi, akalale bwenini na wasichana wanaopaka midomo rangi.

"Mimi na umri huu?" alisema. "Nikapange foleni ya choo na watoto wa watu? Nitakufa, Hetty."

"Hutakufa. Utawaua wao."

Siku ya kupimwa nilimsindikiza. Chumba cha daktari kilikuwa na dirisha la kioo upande wa ukumbini, nikaketi pale kwenye benchi na kuwaona wote. Daktari Muir alikuwa Mskoti mrefu, mpole, mwenye haraka. Akamsimamisha kwa mguu mmoja, akasimama kama korongo. Akamwonyesha herufi, akazisoma. Akamwuliza alilalaje, anakula nini, kizunguzungu je, naye akajibu yote, na juu yake akaongeza maoni kuhusu chai ya kantini. Daktari akachukua kalamu.

Hapo Sista Ogden, muuguzi wetu, akaingilia. Huyu ni binti wa mfumaji, kazaliwa nyuma ya kiwanda cha nguo.

"Daktari, samahani. Mgeuze atazame ukuta."

Wasiojua kwetu wataona ni jambo dogo. Ndani ya kiwanda cha nguo mashine hunguruma hata ukipiga kelele hujisikii mwenyewe, kwa hiyo tunasema kwa midomo na nyusi bila sauti, na mwenzako anakusoma kutoka upande wa pili wa ukumbi. Tulijifunza hivyo kabla ya kujua kufunga viatu. Mkuu wa zamu wetu, Bwana Pocock, katoka London. Tulimtukana mbele ya pua yake mwaka mzima akidhani tunatafuna.

Clarice akageuzwa. Daktari akamwuliza jina la mama yake. Kimya. Akamwuliza leo ni siku gani. Kimya. Baada ya muda Clarice akasema, kwa adabu, "Daktari ametoka?"

Kalamu ikarudi mezani.

Usidhani alikusudia kudanganya. Ametumia macho kama masikio tangu utotoni, basi masikio yalipoondoka hakuona pengo. Wiki ile alikuwa amepeleka saa ya ukutani kwa fundi kwa sababu imeacha kugonga, na fundi akamwambia saa ni nzima, akamtazama vibaya.

Daktari akamwambia viwambo vya masikio vimechanika. Huenda vikajifunga vyenyewe, huenda visijifunge. Asiingize maji, asipenge kwa nguvu, arudi mwezi ujao. Kama bado, ni ofisi ya ajira.

Njiani alikuwa anachemka. "Yule Ogden. Mama yake alikuwa akija kuazima mkasi kwangu."

"Afadhali yeye akuumbue kuliko chuma kikuangukie," nikasema, nikiwa nimemtazama usoni ili anisome. Akageuza uso, akatangulia.

Basi nikaanza kazi yangu, kuyajaribu masikio yake. Kila siku niliingia kwake kwa mlango wa nyuma, yeye kanipa mgongo, nikamsema. Nilianza na kofia yake ya kanisani. Nikaja kwenye uimbaji wake. Nikasema mambo ya mwaka wa nyuma ambayo ningekuwa mwoga kuyasema usoni. Yeye anasugua sufuria tu. Nilikuwa natoka nimeinamisha kichwa, kwa maana matusi yasiyojibiwa yanachosha kuliko ugomvi.

Halafu asubuhi moja alikuwa anamenya viazi.

"Maganda manene hivyo," nikamwambia mgongo wake, "nguruwe wa serikali wanaokusanyiwa maganda watakuombea dua."

"Kama hupendi viazi vyangu, kale kwako," akajibu, wala hakugeuka.

Kisu kikasimama. Akakaa kitako kwenye kiti, kiazi mkononi. Nami nikakaa. Hatukutazamana kwanza.

"Sema tena," akasema, amefumba macho.

Nikasema tena, na nikaongeza la kofia.

"Hilo la kofia umelisema mara ngapi?"

"Mara chache."

"Mshenzi wewe, Hetty," akasema, na machozi yakamtoka.

Tuliporudi kwa daktari mwezi uliofuata, hawakumpa nafasi ya kuona mdomo wa mtu. Akaketishwa uso ukutani, daktari akanong'ona kutoka pembeni. Sikio la kushoto likashika yote. La kulia likataka arudie kwa sauti zaidi. Kisha Sista Ogden akazunguka nyuma yake na kengele ndogo, naye aonyeshe kwa mkono inalia upande gani. Ya kwanza akakosea. Niliona mkono wake unakwenda kushoto na Ogden yuko kulia, nikainuka kwenye benchi. Ogden akaishusha kengele. Akatulia, akapiga tena. Sawa. Tena. Sawa. Tena, taratibu kama mtu anayekanda unga, na kila mara mkono ukaenda panapostahili.

Kupitia kioo nilimwona daktari akisema, "Arudi kwenye mashine, lakini ile ya mlangoni, mbali na mabomba." Nilimsoma midomo. Clarice hakuweza kuiona, alikuwa bado anatazama ukuta, lakini mabega yake yakashuka papo hapo.

Alipotoka alikuwa ameshika namba yake ya shaba kama mtoto ashikavyo pipi. Mlangoni akasimama mbele ya Sista Ogden, ambaye Clarice hakuwa amemsalimia tangu siku ile.

"Jumapili nina pai ya viazi," akamwambia. "Nyama haimo, usitegemee."

"Nitakuja na siagi kidogo, Bi Clarice."

"Umeitoa wapi siagi, na mgao huu wa vita?"

"Hilo hukulisikia," akasema Ogden, akaita mgonjwa mwingine.