Majibu Matano ya Kompyuta Kuukuu

Ripoti ya picha za titi langu la kulia ilinifikia kwa simu Ijumaa mchana, siku ambayo mimi hufanyia kazi nyumbani. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa Kiingereza ninachokisoma kila siku ofisini Parramatta bila kukwama, na bado sikuielewa. Uvimbe wa milimita kumi na moja. Kingo zisizo sawa. Kundi la nne. Inapendekezwa kipande kitolewe kwa sindano. Miadi ya daktari wangu ilikuwa Jumanne, na sikujua mtu huziishi vipi siku kama zile zilizobaki kabla yake.

Watu wa kuuliza nilikuwa nao, na hilo ndilo lililonitisha. Sisi Wakenya wa upande huu wa Sydney, karibu kila nyumba ina muuguzi. Ukimwuliza mmoja habari ya uvimbe, hata akinyamaza, uso wake utasema kanisani Jumapili. Na kabla ya wiki kwisha kundi letu la WhatsApp litajaa maombi, na akina mama watakuwa mlangoni na vyombo vya chakula. Mimi mwenyewe nimevibeba vyombo hivyo. Najua tunavyomtazama mgonjwa tukidhani haoni. Mume wangu naye angepiga simu Kenya kabla sijamaliza sentensi. Mtandaoni sikutaka kutafuta: kazi yangu ni kutunza kumbukumbu za watu, na najua kwamba swali likishaandikwa huko haliondoki.

Basi nikaitoa kabatini laptop ambayo binti yetu aliitumia shule ya upili. Miezi kadhaa kabla, kwa udadisi tu, nilikuwa nimepakua humo modeli ya lugha, ile akili unde inayojibu maswali, ya aina inayofanya kazi bila mtandao. Huziita modeli kubwa, ingawa hii ilikuwa ndogo kuliko wenzake wote, kwa sababu laptop ile haina kadi ya michoro ambayo kwa kawaida hubeba mzigo huo. Kila hesabu hufanywa na prosesa yenyewe, polepole, kama mtu anayehamisha lori la mchanga kwa kijiko. Nikazima mtandao. Nikafunga mlango wa jikoni, ingawa nilikuwa peke yangu. Nikainakili ripoti yote na kuuliza: Je, hii ni saratani?

Feni ya laptop ikaanza kunguruma. Mashine dhaifu kama ile hulazimika kuyapitia yote uliyoyaandika kabla ya kutoa neno la kwanza, na usomaji ule ulichukua karibu dakika nne. Nilimsikia jirani akiburuta pipa la taka. Kisha maneno yakaanza kuja, moja moja, kila moja baada ya pumzi nzima, nayatafsiri hapa. Uvimbe. Wa. Aina. Hii. Mara. Nyingi. Ni. Hapo pakapita kitambo. Najua kwamba haikusita kwa sababu yoyote, ndivyo kasi yake ilivyo. Lakini sijawahi kuliogopa neno kama nilivyoliogopa lile ambalo lilikuwa halijafika. Vidole vya miguu vilijikunja ndani ya ndara. Usio. Na. Hatari.

Nililia. Kisha nikauliza tena, si kwa shaka, bali kwa tamaa ya kuisikia habari njema mara ya pili.

Dakika nne, feni, jasho kwapani. Safari hii ikasema kwamba maelezo yale yanaashiria saratani kwa kiasi kikubwa, na kwamba nijiandae.

Nilisoma takwimu chuo kikuu. Nilijua kwamba modeli hizi huchagua neno linaloelekea kufuata lile lililotangulia, na kwamba ndani ya uchaguzi huo kuna bahati nasibu. Nilijua hayo nikiwa nimeketi palepale, na bado nikachukua bahasha, nikaigawa kwa mstari na kuanza kuhesabu kura. Jibu la tatu: si hatari. La nne: hatari. Laptop ilikuwa imepata joto hata nikaihamishia juu ya ubao wa kukatia mboga. La tano: si hatari. Tatu kwa mbili. Nikaanza kufikiri kwamba Jumanne ningemwambia daktari tusubiri miezi sita kwanza, bila sindano. Nilikuwa nimeshaitunga hata sentensi yenyewe.

Nikalirudia lile jibu la tano, lenye upole kuliko yote. Lilisema uvimbe uko katika titi la kushoto.

Nikatazama ripoti. Kulia. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshaingia ndani ya blauzi, upande wa kushoto, na ukapata kitu. Chini ya vidole vyangu, mahali ambapo picha hazikuonyesha lolote, palikuwa na kitu kigumu, nami nikakiamini. Nikauogopa mkono wangu wenyewe, ulioitii mashine iliyokuwa ikibahatisha. Nikaufunga mfuniko wa laptop kwa kishindo. Feni haikunyamaza.

Nilimpigia rafiki yangu, muuguzi anayeishi mtaa wa pili hapa Ingleburn. Niliweza kusema neno moja tu: "Njoo."

Alifika na kofia ya kulalia kichwani.

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi mbona unanitoa kitandani, mwenzangu? Nimetoka zamu saa moja asubuhi."

Nikampa simu. Akaisoma akiwa amesimama. Kisha akaiona laptop juu ya ubao, na bahasha.

"Na hii? Umepigisha uchaguzi?"

"Niliiuliza mara tano. Nilikuwa nafikiri nisubiri miezi sita."

"Miaka kumi na tisa nauguza watu, wewe dada unaniruka unaenda kuuliza laptop ya mtoto!"

"Niliogopa utamwambia mtu."

Niliona limemchoma. "Ningemwambia," akasema. "Ningesema ni kwa ajili ya maombi. Sasa sitamwambia."

"Ni saratani?"

"Sijui."

"Lakini unaonaje? Na huku kushoto nimegusa kitu kigumu."

"Nimesema sijui. Kundi la nne maana yake wanashuku. Lazima kipande kitolewe, tena upesi. Haya, inua huo mkono wa kushoto."

Alinigusa akiwa amefumba macho, vidole vyake baridi. "Huu ni ubavu," akasema. "Ubavu, mama. Umezaliwa nao." Nikacheka, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine.

Sindano ilikuwa wiki iliyofuata. Majibu yalipotoka, rafiki yangu alibadilishana zamu akaja nami. Daktari alilitamka neno lile haraka, katikati ya mambo mengine: ni ndogo, tumeiwahi, upasuaji Jumatatu. Saratani. Sikusikia yaliyofuata, rafiki yangu aliyaandika yote. Kwenye stesheni ya Campbelltown tuliketi kwenye benchi, treni mbili zikapita.

"Naogopa," nikamwambia.

"Ogopa tu," akasema. "Lakini Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi uwe umevaa. Nakuja kukuchukua."