Ibada Kwenye Kizuizi cha Agokope

Shangazi yangu Dzigbodi alibatizwa na Wajerumani, akaolewa chini ya Waingereza, akamzika mumewe kwenye ardhi ya Wafaransa. Wakati wote huo hakuhama Agokope.

Wazungu walipomaliza vita vyao waligawana nchi yetu sisi Waewe, na mpaka ukapita katikati ya kijiji. Nyumba zetu zikawa za Mwingereza. Kanisa, makaburi na njia ya kwenda soko la Lome vikawa vya Mfaransa. Wamisionari wa Kijerumani walikuwa wamefukuzwa, na mwalimu wa kanisa, Agbeko, mtu wetu mwenyewe, ndiye aliyeongoza ibada.

Barabarani Wafaransa wakaweka mti wa kizuizi. Siku za kazi wanawake walipita na makarai ya samaki wa moshi, wakalipa ushuru. Jumapili walipita bure, hadi askari mmoja alipomsimamisha Yawa, jirani yetu, akitaka kumwona mtoto aliyembeba mgongoni. Mtoto alikuwa chupa nne za pombe ya jini zilizofungwa kwenye kanga.

Jumapili iliyofuata mti haukuinuliwa.

"Askari, fungua. Kengele imeshalia," shangazi alisema.

"Leo hapiti mtu, mama. Amri ya mzungu."

"Kwa kosa gani?"

"Muulize mwenzako aliyezaa chupa."

Wengine walicheka, wengine wakamtukana Yawa. Shangazi hakucheka wala hakutukana. Alimwendea ofisa wa Kiingereza, akaambiwa kizuizi si chake. Akamwendea Mfaransa wa forodha, askari Houngbo akitafsiri.

"Anasema ninyi ni watu wa Wajerumani," Houngbo alisema. "Hata nyimbo zenu ni zao."

"Mwambie tuni walileta wao, maneno ni ya mama yangu. Na chumvi ninayotia kwenye samaki nainunua kwao Wafaransa. Mbona haniiti Mfaransa?"

Houngbo alimeza cheko, akatafsiri. Mzungu akawafukuza wote wawili.

Jioni ile wachuuzi wa samaki walikusanyika uani kwetu. Nilikuwa natwanga mahindi, nikasikia kila neno.

"Samaki wetu wanapita, sisi tukitaka kusali hatupiti," shangazi alisema. "Basi na samaki wasipite."

"Na watoto watakula nini, Dzigbodi? Nyimbo?" Huyo alikuwa Mansa, mwenye watoto saba na ulimi usiolala.

"Watakula samaki. Si tunao?"

Wakabishana sana. Yawa alikaa pembeni, na alipoinuka wengi walidhani anaondoka. Akasema, "Mimi ndiye niliyewaponza. Karai langu ndilo litakalokuwa la kwanza kubaki nyumbani." Baada ya hapo ikawa vigumu kwa mwingine kukataa.

Jumapili tukasali hapo barabarani. Agbeko alisimama upande wa kanisa pamoja na waumini wa kule, sisi tukasimama upande wetu, mti katikati. Alifungua Biblia, ingawa alikuwa ameonywa kwamba atafungwa. Shangazi alianzisha wimbo kabla hajaombwa, na pande zote mbili zikaupokea. Askari hawakujua wampige nani.

Siku za kazi hakupita hata dagaa mmoja. Wiki ya kwanza ilikuwa kama mchezo. Ya tatu haikuwa. Tulikula akple, ugali wetu wa mahindi, na samaki asubuhi, akple na samaki usiku, mpaka watoto wakaanza kulia wakiona sahani. Samaki wa Mansa walioza, akaja kuwamwaga mlangoni kwetu. Shangazi aliwafagia, akaenda kuuza shanga zake za kiunoni alizopewa alipoolewa, akamnunulia Mansa mahindi. Usiku nilimsikia akilia. Asubuhi alikuwa kizuizini, mikono kiunoni, kuhakikisha hapiti mtu na mzigo.

Kule Lome nako walianza kulalamika. Wenye vibanda vya chakula walikuja kumzonga Mfaransa, na sanduku lake la ushuru lilikuwa tupu wakubwa wake walipokuja kukagua. Mwisho akamtuma Houngbo.

"Mama, mtapita Jumapili. Ila bila mizigo, na kila mwanamke apekuliwe."

"Na nani? Wewe?"

Houngbo alitazama miguu yake. "Ndivyo alivyosema."

"Mrudie. Mwambie mkono wa askari hautamgusa mke wa mtu njiani kuelekea kanisani. Nitawapekua mimi. Nikimkuta yeyote na kitu, nitamrudisha mwenyewe."

Alikwenda, akarudi. Mzungu alikuwa amekubali.

Jumapili hiyo tulipanga mstari. Mansa alinung'unika alipofunguliwa kanga. "Sasa umekuwa askari wao?"

"Mimi si mtu wao," shangazi alisema, akiendelea kukung'uta. "Inua mkono."

Aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi bila kulipwa na mtu. Wapo waliomchukia kwa sababu hiyo, hasa wale aliowarudisha, na alilijua hilo. Kila Jumapili alikuwa wa mwisho kuvuka, na alipoingia kanisani Agbeko alikuwa ameshamaliza somo la kwanza.